Viganja Dirishani

Wodi ya Wazazi, kitanda namba tisa
Alhamisi, 5 Machi

Mume wangu Baba Karani,

Salamu nyingi sana. Natumai wewe na watoto mmeamka salama. Mimi sijambo, ila miguu imevimba. Viatu nimevisukuma chini ya kitanda na naona huko ndiko vitakakoishi.

Daktari alinipima mara tatu. Mara ya tatu hata hakuniangalia usoni, akamwambia nesi, "Huyu harudi nyumbani." Moyo ulinipasuka, nikadhani ndiyo nimeshahukumiwa. Kumbe maana yake siondoki hapa mpaka nijifungue. Presha iko juu, mimba ina miezi saba, kwa hiyo ni miezi miwili ya kulala ubavu wa kushoto na kutazama dirisha. Nimeambiwa pia nisiwaze. Nilimuuliza nesi hilo linafanywaje, akacheka akaenda zake.

Unajua ninachoogopa, sina haja ya kukizungusha. Yule wa mwaka juzi alifika miezi hii hii saba, tukamzika kabla hatujampa jina. Kila nikihesabu wiki za huyu, nahesabu na za yule. Huyu akicheza tumboni nafurahi. Akinyamaza nusu saa nampigapiga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu.

Sasa sikia. Karani ana miaka saba lakini anajifanya ana sabini. Mpe kazi, usimpe madaraka. Nyundo ana miaka minne na hana shughuli nyingine duniani zaidi ya kugonga, kufungua na kuonja. Hiyo meza yako ya kutengenezea saa naiogopa kuliko jiko. Nilipokuwepo, wewe ulikuwa unafanya kazi na mimi namvuta shati. Sasa wa kumvuta shati hayupo. Funika vitu vyako. Ukilemewa, piga ukuta, Mwalimu atakusikia. Alistaafu kufundisha, hakustaafu kusaidia majirani.

Simu ya hapa ni ya madaktari tu, na ile ya posta yetu unaijua, lazima upige kelele mpaka foleni nzima ijue siri zako. Dereva wa gari la dawa anafika hapa kila Jumatano jioni, anageuza Alhamisi, Ijumaa yuko kwenu. Nimemwomba abebe barua zetu, amekubali bila kununa, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Ombi langu ni moja. Kila barua, waweke watoto mkono wa kulia juu ya karatasi, upitishe penseli kuzunguka vidole, uniletee. Usinicheke. Mimi ni fundi cherehani, maneno ya mtu siyaamini mpaka nipitishe futi. Nikivipima viganja vyao nitajua wanakula.

Mkeo,
Mama Karani


Nyumbani
Jumatano, 11 Machi

Mke wangu Mama Karani,

Hujambo, na huyo wa ndani hajambo? Miguu imepungua? Sisi tupo, tunapumua, na kwa wiki tuliyopita hilo si haba.

Nakuandikia kwenye kitabu changu cha risiti, na karatasi ya kaboni nimeiweka chini yake. Miaka kumi na miwili ya kutengeneza saa za watu imenifundisha nisitoe kitu mkononi bila kubaki na nakala. Nakuona unavyocheka. Cheka, hilo daktari hajalikataza.

Jumatatu nilimsuka Karani mwenyewe. Alijitazama kwenye kioo, kisha akaniuliza kwa adabu kama shule inaruhusu kufunga kilemba. Mwalimu alimfumua na kumsuka upya pale uani huku akijitahidi asicheke mbele yangu. Karani amefungua daftari, kila kosa langu analiandika na saa lilipotokea. Anasema ni ripoti yako. Mpaka jana nilikuwa na makosa kumi na tisa, na moja nimelikatia rufaa, kwa sababu si mimi niliyesahau sabuni, ni duka lililofungwa.

Nyundo ndiyo Nyundo. Amegonga mlango wa jirani wa pili mpaka bawaba moja ikatoka. Jumamosi alivuta kitambaa cha meza, na juu yake kulikuwa na sufuria la uji lililotoka jikoni wakati ule ule. Uji ulimkosa kwa upana wa kiganja. Yeye aliutazama ukisambaa sakafuni, akaniambia nimechafua nyumba. Nilikaa chini kwenye huo uji. Mpaka leo nikiona sufuria natafuta alipo.

Viganja hivi hapa. Karani alitulia kama anapigwa picha. Cha Nyundo utaona mstari umeruka pale kidole cha mwisho. Alipiga chafya, penseli ikakimbia. Nilitaka kurudia, akawa ameshatoka nje.

Anauliza lini unarudi. Nilimwambia siku ambazo vidole havitoshi kuzihesabia. Akavua viatu, akaniletea na vya miguuni.

Mumeo,
Baba Karani


Kitanda namba tisa
Alhamisi, 12 Machi

Mume wangu,

Sijambo, na huyu wa ndani hajambo, leo amepiga teke sahani ya nesi iliyokuwa juu ya tumbo langu. Salamu kwa Mwalimu, mwambie Mungu atamlipa kwa zile nywele.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Wa kitanda namba kumi alinisikia nacheka, akaomba nimsomee na yeye, sasa wodi nzima inajua una makosa kumi na tisa. Kiganja cha Nyundo ni sentimita kumi na moja na nusu. Nimekibandika kwenye kioo cha dirisha hapa mbele yangu. Leo asubuhi jua lilipopiga, mstari ulionekana waziwazi, na ile chafya yake pia. Nimeamka nimekikuta kinaning'inia pale, nikasema haya, wewe mtundu, umeamkaje.

Ila hilo la sufuria, mume wangu. Nimejaribu kulicheka, nimeshindwa. Nikifumba macho naona uji. Nimeshona aproni ngapi za watu wa jikoni, wewe hujaweza hata kufunga kitambaa cha meza? Basi, yamepita. Presha yangu ni nzuri, usiwe na wasiwasi.

Mkeo,
Mama Karani

[Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine]
Baba wa watoto, samahani. Mimi ni nesi wa zamu, nimeandika hapa bila yeye kujua. Presha yake si nzuri. Jana baada ya habari ya sufuria ilipanda mpaka tukamwita daktari. Tafadhali sana, mwandikie mazuri tu. Ikipanda tena namna ile, mtoto hatasubiri.


Nyumbani
Jumatano, 18 Machi

Mke wangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Sisi hapa wote hatujambo. Kila kitu nyumbani kinaenda kama saa. Karani anafanya vizuri shuleni na amepunguza kuandika makosa yangu. Nyundo ametulia sana siku hizi, anakula vizuri na analala mapema. Kazi ipo. Mvua zimeanza, hali ya hewa ni nzuri. Mwalimu anakusalimu.

Viganja hivi hapa kama ulivyoagiza.

Pumzika, usiwaze chochote.

Mumeo akupendaye,
Baba Karani


Kitanda namba tisa
Alhamisi, 19 Machi

Baba Karani,

Salamu zangu leo ni fupi, nisamehe.

Nyundo yuko wapi?

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikafurahi. Mara ya pili nikashangaa. Nyundo ametulia? Tangu lini? Mtoto yule akitulia ujue kuna jambo. Na eti kila kitu kinaenda kama saa. Wewe ni fundi saa, hakuna anayejua zaidi yako kwamba saa haziendi, ndiyo maana tunakula.

Basi leo asubuhi nikachukua futi. Cha Karani kimechorwa upya, safari hii ameachanisha vidole zaidi. Cha Nyundo sentimita kumi na moja na nusu. Nikasema sawa, wiki moja mkono wa mtoto haukui. Lakini roho haikukubali. Nikakiweka juu ya kile cha zamani, nikavishikilia vyote viwili kwenye kioo cha dirisha, jua ndiyo linatoka. Mume wangu, vimelaliana kidole kwa kidole. Mpaka chafya ipo, pale pale, urefu ule ule.

Mtoto hapigi chafya mara mbili mahali pamoja. Nimekata vitambaa tangu nikiwa msichana, na hata mimi na mkasi wangu sijawahi kukata vipande viwili visipishane hata uzi mmoja. Hii ni nakala. Umenichorea mtoto kutoka kwenye kitabu chako cha risiti.

Sasa mtu anamchora mwanawe kutoka kwenye nakala kwa sababu gani? Nimefikiria sababu moja tu, na siwezi kuiandika.

Nesi amenipima, hakunitajia namba. Ile barua ya sufuria ilinitisha kwa saa moja, halafu nikajua uji umemwagika na mtoto mzima. Hii yako nzuri ndiyo imenimaliza. Niandikie baya lote, lilivyo. Baya nikilijua urefu na upana wake nitajua pa kulikunja. Hili lisilo na kipimo siliwezi.

Dereva anawasha gari. Mpaka Jumatano ni mbali mno. Tafuta njia.

Mama Karani


Hospitali yetu ndogo, wodi ya watoto
Ijumaa, 20 Machi

Mke wangu,

Nakuamkia kwa aibu. Kabla ya yote: Nyundo yu hai. Yu hai, yuko hapa pembeni yangu, anamgombeza nesi. Soma hapo mara mbili ndipo uendelee.

Sasa baya lote, lilivyo. Jumanne baada ya shule Mwalimu alileta saa yake, imesimama. Niliifungua mezani, nikatoa betri, ile ndogo bapa kama kidonge, nikaiweka kwenye kifuniko cha kopo. Karani akaja na kitana, nywele zimemshinda. Nikageuka. Mke wangu, nilimpa mgongo kwa muda wa kuchana fungu moja la nywele. Karani ndiye aliyekuwa ametazama upande wa meza. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, amekula saa ya Mwalimu."

Nilitia kidole kinywani mwake, haikuwepo. Nilimbeba mbio mpaka hapa, sikumbuki njia. Wakampiga eksirei. Nimetazama ndani ya saa za watu maelfu, sijawahi kuona kitu kama kile, ile duara nyeupe ndani ya mwanangu. Daktari alisema tushukuru, imepita kooni na kuingia tumboni. Ingenasa kooni ingemuunguza ndani ya muda mfupi tu. Sasa tunasubiri itoke yenyewe. Isipotoka mpaka Jumatatu, ataletwa huko huko kwenu apasuliwe.

Bado haijatoka. Kila anapokaa kwenye poti, mimi nachunguza kwa kibano na kile kioo changu cha jichoni, kama ninatafuta skrubu iliyodondoka. Manesi wamenizoea. Sikuandikii hili ili ucheke, ila ukicheka nitafurahi.

Jumatano nilikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei, dereva anapiga honi, na nina maneno ya nesi wako mfukoni: mwandikie mazuri, vinginevyo mtoto hatasubiri. Alikuambia hakukuambia sijui, sasa unajua. Karani alikuwa amepita kabla ya shule, nikachora wake. Nyundo mkono wa kulia ulikuwa na sindano ya dripu, umefungwa kwenye ubao mpaka vidoleni. Nikafikiria kuchora wa kushoto, nikaona kidole gumba kitakuwa upande mwingine, utajua. Nikafungua nakala ya wiki iliyopita, nikaweka karatasi juu yake, nikafuata mstari. Nilipofika kwenye chafya nikaifuata na yenyewe. Nilikuwa nalia, sikuona ninachofuata.

Njia ya mwongo ni fupi, nami yangu haikufika hata Alhamisi jioni. Nilidhani nachagua kati ya watoto wawili, yule wa hapa na huyo wa ndani, nikaona huyu wa hapa angalau nipo naye. Nisamehe. Barua hii nampa kondakta wa basi, ameapa ataifikisha mpaka getini.

Mumeo,
Baba Karani


Wodi ya watoto
Jumapili, 22 Machi

Mama Karani,

Imetoka! Leo baada ya chai. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu.

Nakuletea yenyewe ndani ya hiki kitambaa, kwa mkono wa kondakta yule yule. Nimeiosha kwa sabuni mara nne na Mwalimu ameiosha ya tano kwa sababu hakuniamini. Pima mwenyewe, milimita tisa. Dripu imetolewa, na hiki ni kiganja chake cha kulia, cha leo, mstari wote umeyumba kwa sababu alikuwa ananiuliza lini atapewa saa nyingine. Kiweke juu ya vile viwili. Havitalingana.

Sijasikia kutoka kwako. Najua ni siku mbili tu, kondakta huenda alifika jana. Najua. Niandikie hata neno moja. Hata tusi.

Mumeo,
Baba Karani


Nyumbani
Jumatano, 25 Machi

Mke wangu,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli, si kwa desturi.

Tumerudi nyumbani juzi. Meza ya saa nimeihamishia dukani kwa fundi viatu, mlango una kitasa, na ufunguo ninauvaa shingoni. Karani ameandika kosa la ishirini na nne kwenye daftari, halafu akalifuta. Nilipomuuliza, akasema hilo si lako peke yako, na mimi niliona nikachelewa kusema. Mtoto wa miaka saba. Nimemwambia aliniokoa, maana bila yeye nisingejua hata kilichomezwa. Usiku alikuja kulala upande wako wa kitanda.

Ijumaa dereva akirudi bila barua yako, Jumamosi nitakuja mwenyewe, watoto watabaki kwa Mwalimu.

Mumeo,
Baba Karani


Nyumbani
Jumatano, 1 Aprili

Mke wangu,

Barua hii haina wa kuibeba. Naandika kwa sababu nisipoandika nitazunguka uani mpaka nichimbe handaki.

Ijumaa dereva alirudi, akanikabidhi barua yangu mwenyewe ya Jumatano, haijafunguliwa. Kwenye kitanda namba tisa amelala mtu mwingine. Nesi wako hakuwa zamu. Aliyekuwepo alijua jambo moja tu, kwamba Jumanne ulipelekwa chumba cha upasuaji. Dereva alimuuliza baada ya hapo ikawaje, akaambiwa hizo ni habari za ndugu, na yeye si ndugu. Alinieleza huku anatazama matairi ya gari lake. Sijawahi kumwona mtu yule akiwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

Jumamosi alfajiri nikapanda basi. Tulifika mtoni, daraja halipo. Siyo limeharibika, halipo. Mvua ya usiku ule imeliondoa pamoja na nguzo za simu. Tulisimama wengi ukingoni, maji mekundu yanapita na miti mizima. Mtu mmoja alitaka kuvuka kwa kamba, wakamshika. Nilikuwa mimi.

Kwa hiyo sijui kitu. Tangu Jumanne ile sijui kama nina mke, sijui kama nina watoto wawili au watatu. Watu wananiletea saa nazitengeneza, mikono inajua njia yake. Nyundo anaendelea kuhesabu vidole. Jana vimeisha vyote ishirini, akavua na viatu vyangu.

Nimezirudia nakala za barua zangu zote. Ile ya tarehe kumi na nane ni safi, haina hata neno lililokatwa. Ningeweza kuirudisha nyuma ile Jumatano, ningechora ule mkono na ubao wake na sindano yake, nikakuletea.

Karani anaomba aongeze mstari wake:

Mama shikamoo. Baba hapiki vibaya tena lakini hali. Hilo sijaliandika kwenye daftari. Rudi. Karani.


Nyumbani
Jumatano, 8 Aprili

Mama Karani,

Leo pia hakuna gari. Wanasema wajenzi wamefika ng'ambo. Nimechora viganja hata hivyo. Viko mezani.

Baba Karani


Wodi ya Watoto Wachanga
Alhamisi, 16 Aprili

Mume wangu Baba Karani,

Salamu nyingi, na Karani akiniamkia mwambie marahaba. Nimesikia habari za daraja, kwa hiyo najua kwa nini hujaja, usijieleze. Wajenzi wamefunga kamba mtoni, wanavusha masanduku ya dawa na mfuko wa barua. Watu bado. Nimeomba barua hii iwe juu kabisa.

Mimi ni mzima. Nina mshono tumboni, umeshonwa ovyo, mimi ningeurudia, lakini umefunga.

Barua yako ya Ijumaa kondakta aliileta getini Jumatatu asubuhi, mwambie kiapo chake kimetimia. Niliisoma yote. Nililia, nikacheka pale kwenye kibano, halafu nikalala, usingizi wa kwanza tangu nivishikilie vile viganja dirishani. Kwa hiyo usijisumbue kufikiri ni betri iliyonipeleka kwenye kisu. Daktari anasema presha yangu ilikuwa inakwenda huko tangu zamani. Na mimi nilikuandikia ni nzuri, huku naona vimulimuli mbele ya macho hata uzi siuoni. Nesi aliniambia baadaye alichokuandikia nyuma ya karatasi yangu. Tumekuwa tukidanganyana vizuri kweli, mimi na wewe, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Mficha uchi hazai, na sisi tulikaribia kulithibitisha hilo. Usinifanyie tena. Nami sitakufanyia.

Jumanne asubuhi kichwa kilinipasuka. Nakumbuka taa za ukumbini zinapita juu yangu, na nakumbuka nilimshika mkunga mkono, nikamwambia akitoka, hai au vinginevyo, achore mguu wake kwenye karatasi, mume wangu hawezi kuambiwa tu, lazima aone. Baada ya hapo siku tatu sina habari ya dunia.

Ile betri niliikuta chini ya mto nilipoamka. Nesi alidhani ni hirizi, alitaka kuitupa. Na kiganja kile kilichoyumba nimekipima, kweli hakilingani na vile viwili. Sijawahi kupenda kazi mbovu kiasi hicho.

Ni msichana. Alizaliwa na kilo moja na nusu, manesi wakambandika jina hilo hilo, Kilo na Nusu. Yumo kwenye kisanduku cha kioo chenye joto. Wiki mbili za kwanza alikuwa anasahau kupumua, yaani anasahau kabisa, kengele inalia, nesi anamkuna unyayo, anakumbuka. Mimi nilikaa pale kwenye kiti nikimhesabia. Sasa kengele haijalia siku ya nne. Daktari hajaniahidi kitu na mimi siwezi kukuahidi kitu. Baya lote ndilo hilo, hakuna nililoficha nyuma yake.

Jina la kweli sijampa. Tulichelewa kwa yule, kwa huyu nataka tulitaje pamoja, ana kwa ana. Wewe fikiria huko, mimi nafikiria huku.

Nimekuwekea karatasi mbili, mguu wake wa kulia. Moja mkunga aliichora siku ile ya Jumanne. Nyingine nimeichora mwenyewe leo asubuhi, mkono nimeupitisha kwenye tundu la kisanduku, na mstari umepinda pale kisiginoni kwa sababu alinipiga teke. Usiniamini kwa maneno. Waite Karani na Nyundo, nendeni dirishani, muweke moja juu ya nyingine kwenye kioo.

Hazilingani.

Mkeo,
Mama Karani